Ratiba inaishia saa 6 mchana: je, naweza kusomea udaktari wa osteopathia huku nikishika zamu za usiku?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na nina mtoto wa miaka 4. Nimepata nafasi kwenye chuo cha udaktari wa osteopathia, naanza Julai. Kwa sasa nashika zamu 3 za usiku kila wiki kwenye nyumba ya wazee. Ratiba niliyotumiwa inaonyesha siku nyingi vipindi vinaisha saa 6 mchana, na waliotangulia wananiambia mihadhara yote inarekodiwa, darasani hakwendi mtu. Je, ni kweli mahudhurio si lazima? Naweza kuendelea na zamu zangu? Na swala ya Ijumaa itakuwaje? Mume wangu ni dereva wa malori, kuna wiki hayupo kabisa.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Najua kilichokufikisha hapo, maana na mimi nililea huku nasoma, na sasa kwa miaka mingi nafundisha maabara ya tiba ya mikono kwenye chuo cha aina hiyohiyo.

Nianze na unachotaka kukijua kwanza. Zamu 3 za usiku kwa wiki, kuanzia Julai, hapana. Zamu moja ya mwisho wa wiki, baada ya muhula wa kwanza, kama matokeo yako ni mazuri na chuo kinaruhusu, labda. Na waliokuambia darasani hakwendi mtu wamekuambia kweli, ila wamekuambia nusu yake.

Hiyo nusu ya pili inaeleweka vizuri zaidi ukijua unakwenda kusomea nini. Nyumbani Tanga ukisema osteopathia, wengi watafikiri ni kuchua watu misuli. Uingereza nako osteopathi ni mtaalamu wa fani yake peke yake, ana sheria yake ya mwaka 1993, wala si daktari. Marekani ni tofauti. Mwenye DO, yaani shahada hii ya udaktari wa osteopathia, ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anapewa leseni katika majimbo yote 50. Kwa hiyo unasoma yote anayosoma mwenzio wa MD, shahada ya kawaida ya udaktari, halafu juu yake unaongezewa takriban saa 200 za kujifunza kuchunguza na kutibu kwa mikono, nyingi zikiwa katika miaka miwili ya mwanzo. Hizo saa 200 hazirekodiwi ukazitazama jikoni huku unapika. Na hizo ndizo za lazima.

Twende maabara kidogo. Vitanda vimepangwa kwa safu, wawili kwa kila kitanda. Mmoja analala chali, mwingine anasimama ubavuni pake. Nawaambia: wekeni vidole gumba chini ya zile ncha mbili za mifupa ya nyonga, mbele. Jicho lako lenye nguvu liwe juu ya mstari wa katikati ya mwili, la sivyo utadanganyika. Upande upi uko juu? Mwanafunzi anakisia: wa kulia. Namfuata, naweka vidole vyangu juu ya vyake, navishusha kama nusu sentimeta mpaka vinakaa chini ya ncha yenyewe wala si juu ya nyama iliyoifunika. Ananyamaza. Halafu anasema, “Ni wa kushoto.” Kipindi cha siku ile ni pale. Kilichobaki, majina na mpangilio wa hatua, angeweza kukisoma kwenye kitabu.

Video inaonyesha mkono wangu ulipo. Haionyeshi mkono wangu unahisi nini, wala haiwezi kukuambia kwamba unabonyeza mno. Anayekuambia ni mwenzio aliyelala pale: “Hapo unaniumiza.” Mnabadilishana, wewe unalala na yeye anasimama. Hapa wengi hawajatafakari. Kwenye maabara ile mwili wako nao ni kifaa cha kufundishia. Usipokuja, kuna mtu amesimama kando ya kitanda kitupu, anatafutiwa watu wawili wa kujibana nao, na kati ya dakika zake za mazoezi theluthi imepotea kwa sababu yako. Ndiyo maana vyuo, hata vilivyo legevu kabisa kwenye mihadhara, huwa vikali hapa. Na kuna mbinu, kama zile za msukumo mfupi wa haraka shingoni, ambazo simruhusu mwanafunzi kuzijaribu nyumbani kwa mumewe au dada yake bila mwalimu kusimama karibu. Ukizikosa hapa, hakuna pengine pa kuzifidia ila kurudi hapahapa.

Andrew Taylor Still, aliyeianzisha fani hii, alikuwa daktari aliyepoteza watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za zama zile hazikuwafaa kitu. Alipofungua chuo chake Kirksville, Missouri, mwaka 1892, akapokea wanaume kwa wanawake, alijenga kila kitu juu ya anatomia na kupapasa. Mengi yamebadilika tangu hapo, na kwa haki: si kila mbinu aliyoturithisha ina ushahidi sawa, na ile ya maumivu ya mgongo wa chini ndiyo inayosimama vizuri kuliko nyingine. Lakini mkono uliofunzwa kuhisi utakufaa hata ukiwa bingwa wa moyo usiyemgusa mtu pingili maisha yako yote. Utalipapasa tumbo la mgonjwa, na utajua.

Sasa yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikosa maabara mbili mfululizo, zote za mbavu. Mtoto wangu alilazwa. Nilipeleka barua ya hospitali, nikapewa udhuru, hakuna aliyenilaumu. Nikaitazama rekodi mara nne. Siku ya mtihani wa vitendo mtahini akaniambia: nionyeshe ubavu wa 4 wa kushoto, uniambie kama unakwenda sawa na mwenzake mgonjwa akivuta pumzi. Nilikuwa naweza kumtajia kila msuli unaoshika ubavu ule. Vidole vyangu vilikuwa kifuani kwa mtu, na havikuniambia chochote. Nilifeli kituo kile, yaani sehemu ile ya mtihani, nikarudia likizo, wenzangu wamekwenda makwao. Udhuru uliniokolea jina langu kwenye faili, lakini haukunipa zile saa mbili za kushika mbavu.

Kwa hiyo unaposoma kanuni za mahudhurio, usitafute asilimia. Soma ni vipindi vipi. Hakuna kiwango kimoja cha nchi nzima. Tume inayovithibitisha vyuo hivi, COCA, inasimamia mambo mengi makubwa, likiwemo la kumaliza ndani ya miaka 6, lakini kanuni za nani akae kitini saa ngapi utazikuta kwenye mwongozo wa mwanafunzi wa chuo chako na kwenye muhtasari wa kila somo. Kwa kawaida vya lazima ni maabara ya mikono, maabara ya maiti, mazoezi ya kumhoji mgonjwa wa kuigiza, kazi za vikundi vidogo, na mitihani yote. Mihadhara ndiyo inayotofautiana. Vipo vyuo vinavyoiacha huru kabisa. Vipo vinavyochukua mahudhurio kila kipindi, na vingine vinataka hata mavazi rasmi darasani. LECOM, kilichoanzia Erie, Pennsylvania, kina zaidi ya njia moja ya kusoma ndani ya chuo kimoja. Mwanafunzi anaweza kufuata mihadhara, au kukaa kwenye kikundi kidogo kinachochambua visa vya wagonjwa. Njia ya vikundi ina saa chache za kukaa darasani, na mama mwenye mtoto anaweza kuipenda kwa hilo. Ila kikundi cha watu wanane hakifichi pengo la mtu mmoja.

Kuna na mtego mwingine mdogo: kipindi kimeandikwa “mhadhara” lakini kinaanza na jaribio la dakika 10, kwanza kila mtu peke yake, kisha kikundi. Jaribio hilo halirudiwi. Kwenye ratiba yako angalia kama kuna vipindi vya timu vya namna hiyo. Kila kimoja kihesabu kama maabara.

Kuhusu rekodi, sikukatazi kuzitumia. Wanafunzi wangu wazuri wengi husikiliza mihadhara kwa kasi ya mara moja na nusu, wanasimamisha, wanachora, wanaendelea, halafu wanajipima kwa kadi za maswali kila siku bila kuruka. Mama wa mtoto mdogo anaweza kunufaika na uhuru huo kuliko mtu yeyote: mtoto akilala saa 2 usiku, wewe ndiyo kwanza unafungua. Hatari yake ni limbikizo. Mhadhara wa Jumatatu ukiuacha mpaka Jumatano, Jumatano ina yake mitatu. Mitihani haipo mwisho wa muhula kama tulivyozoea nyumbani. Vyuo vingi huiweka kila baada ya wiki mbili tatu, na ukichelewa wiki moja, umechelewa theluthi au nusu ya kazi ya mtihani mzima. Nisikilize katika hili: hudhuria mihadhara yote wiki nne za mwanzo, hata kama si lazima. Baada ya mtihani wa kwanza utajua kichwa chako kinataka nini, na hapo amua.

Tuje kwenye zamu, na tupige hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Lala saa 7 kwa siku, zinabaki 119. Vipindi vyenye ratiba, tuseme 25. Kusoma mwenyewe, 35 ni makisio ya mtu mwenye nidhamu, na wiki ya mtihani zitazidi. Zinabaki 59. Toa zamu 3 za saa 8, zinabaki 35 za mtoto, kupika, kufua, kuendesha gari na kusali. Kwenye karatasi zinatosha! Ndiyo maana watu wanaingia mtegoni. Hesabu haionyeshi kwamba zamu yako inaisha saa 1 asubuhi, maabara inaanza saa 2, na katikati mtoto anatakiwa kufika shule. Haionyeshi kwamba usiku huo hukulala, na unaombwa usome kwa vidole vyako kitu ambacho mtu aliyelala vizuri anakitafuta kwa taabu. Nimewaona wanafunzi waliotoka zamu. Wanafika, wanasaini, wanasimama kando ya kitanda, na mikono yao imelala. Mahudhurio yao ni kamili, na vituo vya mtihani wanavifeli.

Tena soma mwongozo wako sehemu ya ajira. Vyuo vingi hushauri wazi mwanafunzi asifanye kazi mwaka wa kwanza, na vipo vinavyomtaka aombe ruhusa kwanza. Popote pale, “nilikuwa kazini” haikubaliwi kuwa udhuru.

Najua kilicho nyuma ya swali lako ni pesa. Ada ya vyuo vya binafsi vya osteopathia mara nyingi inapita dola 60,000 kwa mwaka, na kwa wanaoanza kukopa tangu Julai 2026 mikopo ya serikali kuu kwa masomo ya aina hii ina kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Pengo hilo zamu 3 za usiku hazilizibi, zinaziba chakula na mafuta ya gari. Kama una uraia, omba ufadhili wa National Health Service Corps, unaolipa ada na kukupa posho ukikubali baadaye kutumikia maeneo yenye upungufu wa madaktari. Na nenda ofisi ya fedha ya chuo ukiwa na risiti za anayemlea mtoto mkononi. Gharama ya malezi inaweza kuingizwa kwenye hesabu ya mahitaji yako, lakini hawataiingiza usipoomba.

Sasa dini. Kwa uzoefu wangu, Ijumaa ni jambo linalopangika, mradi liombwe mapema na kwa maandishi. Swala nyingi za Ijumaa huku zinaangukia kati ya saa 7 na saa 8 mchana, na maabara za mchana nyingi huanza saa 7. Darasa likiwa kubwa, maabara ile ile hufundishwa kwa makundi mawili au zaidi, siku au saa tofauti. Usiombe ruhusa ya kukosa kila Ijumaa. Omba uwekwe kundi lisilogongana na Ijumaa. Ya kwanza inakufanya mtoro mwenye sababu, ya pili ni mabadiliko ya jina kwenye orodha. Sikukuu za Idi nazo zipeleke mwanzoni mwa mwaka, pamoja na maelezo kwamba tarehe inaweza kusogea siku moja kwa mwandamo. Ukilieleza hilo kabla, hakuna atakayekushangaa Idi ikiangukia siku ya jaribio.

Kuna jambo hukuniuliza, nami nakuambia kwa sababu binti zetu wengi wa pwani wanalikuta siku ya kwanza bila kutayarishwa. Maabara ya mikono inataka mgongo na mbavu vionekane na kuguswa. Mavazi yanayotajwa ni kaptura na fulana, au kivazi cha kifua cha michezo. Usiogope, na usikae kimya. Waandikie wasimamizi wa somo lenyewe kabla ya kuanza: uombe mwenzi wa kike wa kudumu, kitanda cha pembeni chenye pazia, na ruhusa ya kuvaa hijabu na nguo nyepesi ya kubana ambayo vidole vinaweza kusoma juu yake. Kwenye maabara yangu hayo yanafanyika, na hayajapunguza ujuzi wa mtu. Kinachompunguzia mtu ujuzi ni kulala chali kila kipindi ili asiguse wala asiguswe sana, akidhani hajaonekana.

Na ukipata mimba katikati ya masomo, jua haki yako. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vikubali kukosekana kwako kwa ajili ya ujauzito na uzazi kwa muda ambao daktari anaona ni lazima, na ukirudi urejee pale ulipokuwa.

Kuhusu kuchukua mahudhurio, njia zinatofautiana: kadi, sahihi, au msimbo unaotokea kwenye skrini unaupiga picha kwa simu. Usimtumie mwenzio msimbo huo, wala usikubali kutumiwa. Nimekaa kwenye kamati inayosikiliza mambo haya. Mtu aliyekosa kipindi bila ruhusa huondoka na onyo na kazi ya kufidia. Aliyesainiwa na mwenzake huondoka na neno “udanganyifu” kwenye faili, na aliyemsainia pia. Tangu mwaka 2022 mtihani wa kwanza wa taifa, COMLEX Level 1, hautoi alama, unasema umefaulu au hukufaulu. Waajiri wa mafunzo ya ubingwa wamebaki na vitu vichache vya kukupimia, na mojawapo ni barua ya mkuu wa chuo inayoeleza mwenendo wako. Hata kuandikishwa kwenye mtihani huo kunapitia kwa mkuu wa chuo. Faili lile linatembea nawe.

Mwaka wa tatu na wa nne sitakaa nao sana, kwa sababu huko swali lako linakufa lenyewe. Unaingia wodini na kliniki, mara nyingi siku 5 au 6 kwa wiki, upasuaji unaweza kukutaka ufike saa 11 alfajiri. Hakuna rekodi. Siku za udhuru kwa kila mzunguko, yaani kila zamu ya mafunzo kwenye idara moja, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hospitali inaweza kuwa mji mwingine kabisa. Ukitaka kutumia akili leo kwa ajili ya miaka ile, ongea na mumeo kuhusu njia za malori. Dereva mwenye safari za kurudi nyumbani kila siku anaweza kulipwa pungufu, lakini mtoto atakuwa na mtu wa kumwamsha asubuhi. Mipango hiyo haipatikani kwa wiki moja, ianzeni sasa.

Kabla ya Julai, iandikie ofisi ya masuala ya wanafunzi, kwa barua pepe ili majibu yabaki na maandishi. Waulize ni vipindi vipi vya wiki ya kawaida ya muhula wa kwanza vinachukuliwa mahudhurio, na wakutumie mfano wa wiki ya mwaka uliopita, si ule ukurasa wa matangazo. Maabara ukiikosa kwa udhuru inafidiwaje, na ndani ya siku ngapi? Mtoto kuugua ni udhuru, na wanataka karatasi gani? Nani anapanga makundi ya maabara, na mwisho wa kuomba kubadilishiwa ni lini? Ajira ya nje inasemwaje kwenye mwongozo?

Na kazini kwako, badala ya kuacha moja kwa moja, muulize msimamizi kama anaweza kukuweka kwenye orodha ya wanaoitwa kwa dharura tu, bila zamu maalumu. Nyumba nyingi za wazee zina utaratibu huo kwa sababu daima watu hawatoshi. Cheti chako kinabaki hai, na Desemba vipindi vikifungwa unaweza kushika zamu mbili tatu ukiwa umelala usiku uliotangulia.